Kiinua Mgongo cha Bwana Annobil

Araba Kwansima alikuwa mwokaji mikate, na pale Saltpond, mji wetu wa pwani, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuisema vibaya mikate yake. Lakini ukimtajia wifi yake Efua, hata ukimtaja kwa wema, umeshamharibia siku. Tanuri likimzimikia, ni kijicho cha Efua. Mvua ikinyesha siku ya soko, basi Efua anachekelea huko aliko. Nimeishi mtaa ule miaka mingi, nimewaona wanawake wenye wivu wa kila namna, wa mume, wa mali, wa watoto. Huu wa Araba juu ya dada wa mumewe ulikuwa na makali yake, na tuseme haki, haukutoka hewani.

Kwetu Wafante mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume akifa mali yake humwendea mwana wa dada yake. Mke hana chake, na watoto wa marehemu hawana chao, labda pa kulala. Tena mjini kwetu mume huishi nyumba ya mama yake na mke nyumba ya mama yake. Jioni mke anapika, chakula kinavushwa barabara ndani ya beseni, na giza likiingia naye anafuata. Alfajiri yuko kwao. Ndivyo tulivyolelewa, na wengi wetu hatujaona ubaya wake.

Araba aliiona raha nyingine, akanogewa. Mumewe, Kobina Annobil, alikuwa mtu wa serikali ya Mwingereza. Alianza ukarani wa mahakama akapanda ngazi moja moja hadi kuwa msaidizi wa Bwana Shauri, na mtu wa serikali hupewa nyumba ya serikali kila anapohamishiwa. Axim, Tarkwa, Dunkwa, kote huko Araba alilala na mumewe chini ya paa moja na kuamka naye, akamwekea chai mezani kwa mkono wake mwenyewe. Efua alibaki Saltpond na duka lake la vitenge, kaka anamsikia kwenye barua tu. Miaka hiyo Araba alinenepa.

Kisha serikali, katika hekima yake, ikamhamishia Kobina nyumbani Saltpond amalizie utumishi wake hapo. Kila Jumapili baada ya ibada mtu huyo mzima, mwenye suti na mnyororo wa saa kifuani, alishika njia kwenda kula fufu kwa dada yake. Araba alikuwa amepika pia. Chakula chake kilipoa mezani huku akisikia, au akidhani anasikia, kicheko cha mumewe kutoka mtaa wa pili. Kwake Kobina alikuwa mtu wa kukohoa na kusoma gazeti. Kwa Efua alicheka mpaka akashika mbavu, na Efua alimsema mbele ya watu kama anavyosemwa mtoto, naye akafurahi. Araba hata angejaribu asingeweza kumsema vile. Hilo ndilo lililomkereketa.

Mwaka wa hamsini na mbili ndipo ilipokuja habari ya kustaafu. Serikali ilikuwa inabadilika, vijana wenye digrii walikuwa wanarudi na meli kutoka Uingereza, na viti vyao havikuwepo mpaka wazee waondoke. Akatumwa Mzungu mmoja kutoka Accra, Bwana Pelham, mrefu, mwenye adabu na shingo nyekundu, azungumze na wazee mmoja mmoja. Alimwambia Kobina kwamba akikubali kuondoka mapema, kabla ya umri wake kutimia, atahesabiwa miaka kana kwamba ametumikia mpaka mwisho. Atapata pensheni yake kamili, kiinua mgongo, na medali.

Kobina alimsimulia mkewe jioni ile, naye Araba akamwuliza medali inapikwa na nini. Ulimi ulitania, moyo ukabaki pale pale. Wengine wakisikia kustaafu husikia fedha. Araba alisikia funguo zikirudishwa. Nyumba ya serikali ina wenyewe, na siku Kobina akivua kofia ya kazi atarudi kulala nyumba ya mama yake, aliyekwisha kufa, na mwenye jiko humo sasa ni Efua. Na yeye Araba atarudi kwao, kuvusha beseni barabarani uzeeni, abishe hodi kwa Efua ili amwone mumewe. Akifa Kobina, hata beseni halitakuwa na pa kwenda.

"Usikubali," alimwambia.

"Nisipokubali watanistaafisha kwa nguvu. Pelham ana adabu, lakini adabu yake ina mwisho."

"Basi omba kitu kingine. Wazungu wana kila kitu."

Siku kadhaa Kobina alizunguka na jambo lile kichwani. Jumapili alikwenda kwa dada yake kama kawaida, na aliporudi hakufungua gazeti. Aliketi karibu na mkewe, akamwambia amepata la kuomba. Pale kilimani, juu ya bahari, palikuwa na nyumba ya zamani ya wageni wa serikali, ya mawe chini na mbao juu, baraza pande zote. Maofisa wa safari waliacha kulala humo tangu barabara ilipotengenezwa, sasa wanalala popo. Ataiomba ile iwe sehemu ya kiinua mgongo chake. Wataishi humo wote wawili mpaka kifo, na tena ataifanya iwe yake Araba.

Araba aliona mbingu zimefunguka. Hakuuliza wazo limetoka wapi. Alijua mumewe ana akili, na usiku ule alimpenda kama walivyokuwa Tarkwa.

Bwana Pelham aliposikia alicheka, akadhani ni masihara. Kisha akasema haiwezekani, mali ya serikali haigawiwi. Wakakutana tena, akasema inawezekana kuuzwa kwa mnada, na mwenye fedha nyingi ndiye atakayeichukua. Kobina, aliyekaa na Wazungu tangu ujana na kujua mahali wanapowashwa, hakupandisha sauti. Alikubali kahawa, akauliza habari za mke wa Pelham, akauliza na habari za safari, maana kila mtu alijua Pelham naye alikuwa anafunga mizigo. Ndipo akamwuliza kwa upole, serikali inampa nini yeye kwa kukatizwa kazi yake.

Pelham akasema kuna fidia. Maofisa waliotoka ng'ambo wanalipwa fidia.

"Wewe unaondoka kwa sababu wenye nchi wanakuja," Kobina alisema. "Mimi naondoka kwa sababu hao hao wanakuja. Wewe una fidia, mimi nina medali. Nieleze tofauti yetu, bwana, nikamweleze mke wangu, maana ataniuliza."

Pelham akatazama dirishani, shingo ikazidi kuwa nyekundu, akasema ataandika Accra. Na ni kweli aliandika. Miezi ikapita, Araba akioka mikate na kufunga na kuomba, mpaka ikaja habari kwamba mnada umefutwa, Bwana Annobil atauziwa nyumba ya kilimani kwa kukatwa sehemu ya kiinua mgongo, na medali atapata vile vile. Sharti lilibaki moja. Hati itaandikwa jina la ofisa mwenyewe, kwa kuwa kanuni inamjua ofisa, haimjui mkewe. Kobina alijaribu hapo pia, lakini Pelham alikuwa amefika mwisho wa kamba yake.

"Si kitu," Kobina alimwambia mkewe. "Kanuni yao ina mpaka, yetu haina. Hati itasema ni yangu. Mimi nitakupa mbele ya watu, utatoa kinywaji cha shukrani, watu wangu watakunywa, yamekwisha. Hata Ekow hatakuwa na neno."

Ekow alikuwa mwana wa Efua, mwalimu Takoradi, kijana mtaratibu ambaye hakuwahi kumkosea Araba kwa lolote isipokuwa kuzaliwa. Yeye ndiye mrithi.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwetu mpaka leo. Mtu akikupa nyumba au shamba, maneno matamu hayatoshi, wala karatasi haitoshi. Unapewa mbele ya mashahidi, nawe unaleta aseda, chupa ya jini, ile pombe kali, ya kushukuru, na watu wa upande wa mtoaji wanainywa. Wakishainywa, mdomo wao umefungwa. Wasipoinywa, hukupewa kitu, ulisimuliwa tu.

Kobina alipanga iwe Jumamosi asubuhi, kwa sababu mchana angepanda lori kwenda Accra kukabidhi kazi na kuagwa. Mkuu wa ukoo wake, Egya Otoo, egya ndiyo baba kwetu, alikuwa Kumasi kwenye matanga. Kobina akasema haina neno, Efua atasimama badala ya ukoo. Efua akiwepo, ukoo umekuwepo. Alikuwa ameshamgusia siku yenyewe. Kilichobaki ni Araba, mwenye shughuli, amtumie mtu rasmi wa kumwita, maana kwetu mgeni wa heshima hajileti mwenyewe.

Hapo sasa. Usiku wa Ijumaa Araba alikanda unga na kufikiri. Alimwona Efua ameketi kiti cha mbele barazani, kitenge kipya, mkufu shingoni. Alimwona akiinua glasi polepole kama kawaida yake, anaonja, anakunja uso kidogo kana kwamba jini si nzuri, kisha anasema ukoo umeridhia. Yaani nyumba atoe Kobina, aliyevumilia Dunkwa na mbu wake awe yeye Araba, halafu ashukuriwe Efua! Ainamiwe Efua! Na maisha yote yaliyobaki, kila akifagia baraza lake, ajue kwamba Efua alikubali. Alikanda unga ule mpaka mikono ikamwuma. Ee jamani, wivu ni kitu kibaya. Mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyengoja miezi kwa sala na kufunga, akaamua kwamba hamwiti.

Asubuhi walifika kaka yake Araba, Kweku Dadzie, fundi seremala, na mkewe, na katekista, na majirani wawili. Kobina alitoka amevaa kitenge begani badala ya suti. Akatazama viti.

"Efua yuko wapi?"

"Nilituma mtu," Araba alisema. "Ana homa. Amesema tuendelee tu."

Kobina akasema basi wangoje Jumamosi nyingine. Araba akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akamwambia watu wameshakaa, chupa imeshafunguliwa, na sehemu ya wifi yake atampelekea mwenyewe nyumbani akanywee kitandani. Kweku naye, kwa nia njema kabisa, akasema kinywaji kikipelekwa nyumbani kimefika. Kobina alimtazama mkewe. Nadhani alimwona amependeza. Akatoa ile nyumba kwa maneno yake yote, mipaka yake, mlango wake wa mbele na wa nyuma, minazi yake. Araba akashukuru, watu wakanywa. Watu wote wa upande wake.

Kabla ya kupanda lori Kobina alitaka kumpitia dada yake ampe pole. Araba alimwambia amelala, asimwamshe mgonjwa, na lori halimsubiri mtu. Kobina alitaka sana kwenda, alisimama kidogo njia panda na sanduku lake. Kisha dereva akapiga honi.

Alianguka Accra siku ya kuagwa, ameshika glasi, kabla hajamaliza kujibu hotuba. Walimrudisha kwa gari la serikali na bendera juu yake. Nisiseme mengi hapo. Araba alilia kilio cha kweli, alijibwaga chini mpaka wakamshika wanaume watatu, na Efua alilia upande wa pili wa ua, na wanawake hao wawili, waliompenda mtu mmoja, hawakukaribiana. Watu walidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, ndiyo, na kingine ndani yake.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa nyumba ya mama yake Kobina kugawa mambo. Egya Otoo alikuwa amerudi, mzee wa kimo kifupi, mwenye kusikiliza na macho yake yamefumbwa. Ekow alitangazwa kuwa mrithi, akapokea kiti cha mjomba wake kwa aibu. Walipofika kwenye nyumba ya kilimani Araba alisimama. Alivaa nyeusi na sauti ilimtoka vizuri, maana alikuwa amejizoeza. Alisema ile nyumba si ya kurithiwa, mumewe alishampa akiwa hai, mbele ya mashahidi, na aseda alitoa.

Wazee walitazamana. Hakuna aliyemkatalia, kwa sababu jambo lenyewe linajulikana na linaheshimiwa. Egya Otoo aliuliza tu mashahidi ni akina nani. Kweku Dadzie akainuka, akasema kila kitu kama kilivyokuwa, mtu mnyofu kama mbao zake, maneno ya Kobina, mipaka, minazi, chupa.

"Na upande wetu alikunywa nani?" mzee akauliza.

"Hapo, Egya, ilitokea bahati mbaya," Kweku alisema. "Bwana alitaka dada yake awepo. Aliitwa, lakini tuliambiwa ana homa."

Katika mazoezi yake yote Araba hakuwa ameifikiria homa ile.

Egya Otoo akafumbua macho. "Efua. Uliumwa?"

Efua alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwenye kigoda, kitenge cha msiba kimefunika mpaka mikono. Alikuwa amekonda. Kabla hajajibu, Araba alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya, alimwomba. Alimwomba kwa macho. Neno moja tu lilitosha, aseme aliumwa, aseme aliletewa glasi kitandani.

"Sikuumwa," Efua alisema. "Nilivaa nyeupe tangu alfajiri nikakaa mlangoni. Kaka alikuwa ameniambia siku. Nikasema si vizuri kujipeleka, ni shughuli ya wifi, acha aniite. Nilikaa mpaka nikasikia lori la Accra linapita."

Mzee akamwuliza kama ana la kuongeza.

"Ninalo," Efua alisema. "Ile nyumba nilimwambia mimi aiombe. Jumapili ile, tukila. Nyote mnajua mume wangu, niliyekaa naye kwao, alipokufa ndugu zake walinitoa na sufuria moja na nguo ya mwilini. Nikamwambia Kobina, mimi una mahali pa kuniweka, Araba hana. Usimwache kama nilivyoachwa. Nilitaka kuinywa ile jini, wazee. Nilikuwa na hamu nayo kuliko yeye." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini sikuinywa. Sasa mnataka niseme nini, niseme uongo juu ya marehemu na udongo wa kaburi haujakauka?"

Ekow, huyo mrithi, akanong'ona kwamba yeye hana shida, mke wa mjomba akae na nyumba yake. Egya Otoo alimnyamazisha kwa kiganja. Alimweleza kijana kwamba hawezi kutoa kilicho cha ukoo kwa sababu ana huruma, kesho na wengine watakuja na chupa zao walizokunywa na kaka zao. Wazee wakatoka ua wa nyuma kushauriana. Waliokaa ndani hawakujua pa kutazama, na Kweku Dadzie alimtazama dada yake kama mtu aliyepewa fedha bandia na mama yake.

Araba hakulia. Nitawaambia alichohisi, na msimdhanie ubaya kuliko alivyostahili. Alihisi wivu. Hata pale, nyumba inamtoka mikononi, kilichomchoma zaidi ni kwamba Kobina alikwenda na shida ya mkewe mezani kwa Efua, wakaila pamoja na fufu, wakapata dawa, naye akaletewa nyumbani kama zawadi. Usiku ule alipompenda mumewe kama zamani, alikuwa anapenda wazo la Efua. Aliliona hilo, akaona na jingine, kwamba mwanamke yule alikaa mlangoni na nguo nyeupe asubuhi nzima. Yote mawili yalimjia pamoja, wala hakujua lipi ni lipi.

Wazee waliporudi Egya Otoo alisema nyumba ya kilimani ni ya ukoo na itakuwa mikononi mwa Ekow. Mjane wa marehemu atapewa chumba humo, kama desturi ilivyo, maadamu anakaa na watu kwa wema. Na kwa kuwa Ekow ana kazi Takoradi, mwangalizi wa nyumba atakuwa mama yake. Efua atahamia vyumba vya mbele.

"Unakubali chumba?" mzee akamwuliza Araba.

Alikuwa na kwao. Alikuwa na tanuri lake, na mama yake mzee, na angeweza kusema hapana akatoka kichwa juu. Sote tulidhani atasema hapana. Lakini kule kilimani palikuwa na viatu vya Kobina, alivyotangulia kuvipeleka mwenyewe wiki ile ya mwisho na kuvipanga ukutani, na hakutaka Efua awe peke yake navyo.

"Nakubali, Egya."

"Basi ni kitu umepewa," mzee akasema. "Unajua kinachofuata."

Kweku alitoka kwenda kununua. Hakumtazama dada yake alipomwekea chupa mkononi. Araba alimimina, akampelekea mzee, mzee akakataa, akamwonyesha kwa kidevu nyuma kule kwenye kigoda, kwa mwangalizi wa nyumba. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni, na sisi wa dirishani tulibanana. Araba alivuka ukumbi, akapiga goti moja, kisha la pili, akainua glasi kwa mikono miwili. Efua aliipokea. Alionja polepole, akakunja uso kidogo, kama kawaida yake.

"Asante, wifi," Araba alisema.

"Wa nyuma hawakusikia," alisema Egya Otoo. "Shukrani ni ya masikio ya wote. Sema tena."

Akasema tena.